Marian Anderson na ukumbi ule ule mara mbili

Asanteni, kaeni basi. Nimeombwa niongee habari za Marian Anderson, yule mwimbaji mweusi wa Marekani, na najua wengi mmeshaiona ile picha yake Washington, amesimama mbele ya jengo la kumbukumbu ya rais Lincoln na koti lake la manyoya, Pasaka ya 1939, watu 75,000 wanamsikiliza. Alinyimwa ukumbi kwa sababu ni mweusi, akaimbia nje. Hiyo mnaijua, siirudii. Mimi nataka ukumbi mwingine, Town Hall ya New York, maana kila nikikaa na wanakwaya nasikia neno lile lile, "ana kipaji bwana, kazaliwa nacho", halafu basi, hakuna anayeuliza ada ya mwalimu alilipa nani.

Kipaji alikuwa nacho tangu mtoto, hilo sibishi. Kazaliwa Philadelphia 1897, utotoni tu yuko kwaya ya kanisani kwao, Union Baptist, sauti nzito ya kike, chini ya alto zetu, wenyewe wanaiita kontralto. Baba alikuwa anauza barafu na makaa, akafariki watoto bado wadogo, mama akabaki kufua na kusafisha kwa watu. Binti akaenda chuo cha muziki hapo hapo mjini kuomba fomu, kapanga foleni, dada wa dirishani anawahudumia waliokuja nyuma yake, mpaka mwisho kabisa ndo anamwambia sisi hatuchukui weusi. Sasa kipaji kingemfikisha wapi? Ni watu wa kanisani kwake, nao hawana kitu, waliochanga senti zao na kumfanyia konsati, ndo akaweza kusoma kwa Giuseppe Boghetti, mwalimu wa kuimba.

Haya, 1924. Anapanda jukwaani Town Hall, anatazama ukumbi, watu wachache wametawanyika huku na huku, viti vitupu vinamtazama. Akaimba nyimbo za Brahms, mtunzi Mjerumani, kwa Kijerumani, lugha ambayo alikuwa ameikariri kwa sikio tu. Asubuhi magazeti yakaandika sauti nzuri, ila hicho Kijerumani hakielewi. Iliuma sana. Akarudi nyumbani, akaacha masomo, miezi ikapita hataki hata kusikia habari za kuimba.

Na waliandika kweli, naomba mnielewe hapo. Mtu asiyejua maana ya neno anavuta pumzi katikati ya neno. Anatia mkazo kwenye silabi isiyo na kazi. Nasikia hivyo kila Krismasi kwenye nyimbo za Kilatini, vijana wana sauti za kumtoa nyoka pangoni, lakini ukimsimamisha mmoja ukamuuliza hapa unasema nini, anakuangalia tu! Na mwalimu wao naye kapita hapo hapo. Hii inaniudhi na nitaisema mpaka nichoke.

Marian alifanyaje? Alirudi kwenye mazoezi, 1925 akashinda mashindano ya zaidi ya watu 300 akaimba na okestra ya New York Philharmonic, na bado milango nyumbani ikawa migumu. Basi akavuka bahari. London kwanza, halafu 1930 kwa msaada wa mfuko wa Rosenwald akaenda Berlin, akapanga chumba kwenye nyumba ya Wajerumani kusudi aamke na Kijerumani alale na Kijerumani. Kutoka hapo Skandinavia na mpiga piano Mfini, Kosti Vehanen, akajifunza na nyimbo za kwao kwa lugha zao, watu wakawa wanamgombania. Sibelius mwenyewe, mtunzi mkubwa wa Finland, alimsikia nyumbani kwake akamwambia paa la nyumba yangu ni fupi mno kwako. 1935 Salzburg, Austria, Toscanini, yule kiongozi maarufu wa okestra, akasema sauti kama ile mtu huisikia mara moja katika miaka mia.

Sasa mtu atasema, kumbe Ulaya ndo iliyomtengeneza. Hapana, hapana! Aliondoka Philadelphia akiwa tayari ni mwimbaji, kwa senti za watu wa kanisa lake. Ulaya ilimpa walimu, lugha, na jukwaa la kusimama kila wiki, vitu ambavyo nchi yake ilikuwa navyo ikamfungia.

Akarudi kwa meli Desemba 1935. Melini humo akaanguka ngazini, akavunjika mguu. Na tarehe 30 ana konsati, wapi? Town Hall ile ile. Wakamfunga plasta, akavaa gauni refu mpaka chini, pazia likafunguliwa akiwa ameshasimama ameegemea piano, kwa hiyo hakuna aliyemwona akichechemea. Akaimba programu nzima kwa mguu mmoja, hakutaka kuwaambia watu maana hakutaka wamhurumie. Magazeti safari hii yakamsifu bila kubana. Miaka 11, ukumbi ule ule, koo lile lile, hebu niambieni kilichoongezeka katikati ni kipaji?

Naona naonyeshwa saa. Kuna anayetaka kuniambia huyu si mwimbaji wa opera, ile michezo ya kuigiza kwa kuimba, opera kaigiza kidogo sana. Ni kweli, na ndo uchungu wenyewe, kwa sababu Metropolitan Opera ya New York ilimpa nafasi tarehe 7 Januari 1955, mweusi wa kwanza kuimba pale kama mhusika, akiwa anakaribia miaka 58, sauti imeshapita ubora wake. Alikuwa Ulrica, yule mpiga ramli kwenye opera ya mtunzi Mwitaliano, Verdi. Pazia lilipopanda watu wakapiga makofi hata hajafungua mdomo.

Nilisahau kitu kimoja, dakika moja tu. Zamani huko, alipoanza kupata pesa ya kueleweka, alipiga simu dukani ambako mama yake alikuwa anasafisha, akawaambia mama harudi tena kazini. Usiku ule wa 1955 mama huyo alikuwa amekaa humo humo ukumbini.