Walter Dean Myers na msomaji asiyehesabiwa

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Mlipoarifiwa kwamba leo tutamzungumzia mwandishi wa riwaya za vijana aliyevuna tuzo nyingi, huenda wengine mlitarajia orodha ya tuzo hizo. Nitazitaja upesi, maana ni haki yake. Walter Dean Myers alipata Tuzo ya Coretta Scott King, ya waandishi weusi wa vitabu vya watoto na vijana, mara tano, heshima ya Newbery, inayotolewa kwa vitabu vya watoto vinavyoifuata tuzo yenyewe, mara mbili, na Tuzo ya Margaret A. Edwards mwaka 1994. Mwaka 2000 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Michael L. Printz, ambayo wakutubi wa Marekani humpa mwandishi wa kitabu bora cha vijana. Aliandika vitabu zaidi ya mia moja. Ninaloamini mimi ni kwamba yote hayo aliyapata kwa kumwandikia kijana ambaye wachapishaji wa zama zake hawakumhesabu kuwa msomaji.

Kijana huyo alimjua vizuri, maana ndiye aliyekuwa yeye. Alizaliwa mwaka 1937 Martinsburg, West Virginia. Mama yake alifariki yeye angali mdogo mno, akalelewa Harlem, New York, na Florence na Herbert Dean. Jina la Dean alilitwaa ukubwani kwa kuwaenzi. Florence alimfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Ulimi wake ulikuwa mzito, wenzake wakimcheka, naye akawa mwepesi wa kurusha ngumi. Akipewa kalamu alisema atakalo bila kuchekwa na mtu. Alisoma kila alichokitia mkononi, ila watu weusi wa mtaani kwake hakuwaona humo. Akaacha shule, na alipotimiza miaka 17 akajiunga na jeshi. Baadaye akakutana na hadithi fupi ya mwandishi mweusi James Baldwin, "Sonny's Blues", yenye Harlem ileile aliyoikulia. Mwenyewe alieleza kwamba hadithi hiyo ndiyo iliyompa ruhusa ya kuandika habari za kwao.

Mwaka 1968 alishinda shindano la uandishi la baraza lililokuwa likidai vitabu vya watoto wa rangi zote, na hapo mlango ukafunguka. Mwaka huohuo mdogo wake aliuawa vitani Vietnam. Miaka 20 ikapita ndipo ilipotoka Fallen Angels, riwaya ya kijana wa Harlem aliyepelekwa kwenye vita hivyo. Humo mna woga, kungoja na kufa ovyo. Ushujaa wa sinema haumo. Mimi naisoma kama kazi ya mtu aliyefiwa, na sioni angeweza kuiandika vinginevyo.

Sasa Monster, ya mwaka 1999. Hapa naomba tukae kidogo. Steve Harmon, kijana wa miaka 16, anashtakiwa kwa kushiriki wizi uliosababisha kifo cha mwenye duka la dawa. Inadaiwa aliingia kwanza kuangalia kama dukani kuna polisi. Kesi nzima tunaisoma katika mswada wa filamu anaouandika Steve mwenyewe, na katikati mna kurasa za shajara yake ya gerezani.

Kwa nini filamu? Myers alikuwa amezungumza na wafungwa wengi, akagundua kwamba wakisimulia utoto wao husema "mimi", lakini wakifika kwenye kosa lenyewe, "mimi" huyo hatajwi tena, utadhani kosa lilitendwa na mtu baki. Mwandishi mwingine angeliweka jambo hilo mdomoni mwa wakili, tukaelezwa. Myers aliligeuza likawa umbo la kitabu chote: Steve anajitazama kupitia kamera kwa sababu kujitazama uso kwa uso hawezi. Kesi inapokwisha na kuachiliwa huru, anafungua mikono amkumbatie wakili wake, na wakili anageuka. Hadi mwisho Steve anajiuliza wakili yule aliona nini kwake. Wanaodai kwamba fasihi ya vijana ni mazoezi tu kabla ya fasihi yenyewe, nawaomba wanionyeshe riwaya ya watu wazima iliyolibana swali hilo kuliko hii.

Kuna jambo dogo nisilotaka lipite. Herbert Dean hakuwahi kumsifu mwanawe kwa vitabu vyake, na hilo lilimuumiza sana Walter. Alikuja kujua muda mrefu baadaye kwamba mzee hakujua kusoma. Kwa hiyo mwaka 2012 alipoteuliwa kuwa balozi wa kitaifa wa fasihi ya vijana, akazunguka akitangaza kwamba kusoma si jambo la hiari, mimi namsikia mtoto wa Herbert akisema.

Machi 2014 aliandika makala katika New York Times akihoji watu wasio weupe wako wapi katika vitabu vya watoto. Alinukuu hesabu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin: kati ya vitabu vipatavyo 3,200 vya mwaka 2013, vilivyohusu watu weusi vilikuwa 93 tu. Miaka 45 ya kazi, na bado 93! Alifariki Julai 1 mwaka huohuo. Tuzo yenye jina lake ilianza kutolewa mwaka 2016.

Tuna muda wa maswali. Waliosoma Monster waanze, watuambie: je, mnaamini Steve aliingia dukani kuwaangalizia wenzake?