Kukata mrija wa tangi la vepu: tangi hufia ukingoni

Habari za jioni, mafundi, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni, sogeeni, viti vipo.

Leo ni kipande kimoja tu cha sigara ya kielektroniki ya kujitengenezea: ule mrija wa plastiki unaoshika juisi, yaani kile kimiminika chenye ladha kinachogeuzwa mvuke. Betri na koili tuziweke kando. Mrija unaonekana jambo dogo, lakini ndiko tangi nyingi za kujitengenezea zinakofia, na zinafia ukingoni, pale msumeno ulipopita.

Tangi likipasuka, lawama zote huangukia juisi. Juisi ina sehemu yake. Ila ili plastiki ipasuke hivyo, mambo matatu hukutana: plastiki isiyopatana na kemikali za juisi, mkazo uliojificha ndani yake, na mkwaruzo ambapo ufa utaanzia. La kwanza unalimaliza dukani. Mengine mawili yako mikononi mwako.

Tuanze na dukani. Akriliki, ile wachora mabango wanayoiita pespeksi, inang'aa na kukatika vizuri, lakini ladha za limau, chungwa na mdalasini zinaila. Polikaboneti haivunjiki kwa kuanguka, ila kwa ladha hizohizo nayo hupasuka. Bomba la kalamu ya Bic, ambalo kila mtu hulifikiria kwanza, ni polistirini: achana nalo kabisa. Mpira laini wa PVC pia hapana, kwa sababu kemikali zinazoulainisha huvujia kwenye juisi, na juisi hiyo unaivuta.

Kilicho bora kipo duka la dawa lolote hapa Kariakoo: bomba la sindano jipya, la mililita 10 au 20. Mwili wake ni polipropilini. Haliko wazi kama kioo, lina ukungu kidogo, lakini juisi za ladha kali halizijali. Kama umeokota mrija usioujua, weka kipande kwenye glasi ya maji. Polipropilini huelea, akriliki, polikaboneti, polistirini na PVC huzama. Msichome plastiki ili kuitambua kwa harufu. Moshi wa PVC una asidi inayounguza mapafu.

Vipimo. Chukua mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 16. Kila sentimita moja ya kimo inabeba mililita 2. Toa bomba la katikati linalopitisha mvuke; likiwa na milimita 6 kwa nje, linakula karibu mililita 0.28, zinabaki 1.72. Ukitaka tangi la mililita 3 unahitaji kimo cha milimita 17 na nusu. Vifuniko vikizama milimita 3 kila upande, mrija unakuwa 23.5. Kata 24.5, ile milimita ya ziada italiwa na msasa. (Ulaya sheria imefunga matangi kwenye mililita 2 tangu 2016, ndiyo maana michoro mingi ya huko inaonekana mifupi.)

Kukata sasa. Zungushia mrija ukanda wa karatasi yenye ukingo mnyoofu mpaka ncha zikutane sawasawa, halafu chora kwa kalamu ya wino wa kudumu. Mstari huo hauwezi kwenda upande. Ingiza ndani kipande cha mti wa mviringo kinachokaa bila kulegea, ndipo ufunge kwenye jiliwa, na katikati ya meno ya jiliwa uweke kitambaa. Bila ule mti, jiliwa inaubonyeza mrija kuwa yai. Unaukata ukiwa yai, ukiufungua unarudi duara, na mkato uliokuwa umenyooka unakuwa na mawimbi.

Akriliki ikatwe kwa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, pole pole, huku ukidondoshea maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Usikate moja kwa moja mpaka ng'ambo: kata kidogo, zungusha mrija, kata tena kidogo. Ukiharakisha, joto la msuguano linaiyeyusha akriliki, inaganda kwenye meno, na msumeno unaanza kurarua. Akriliki huanza kulainika karibu nyuzi 100, na meno makavu hufika huko upesi kuliko mnavyodhani.

Polipropilini haitaki msumeno, itakutolea nywele tupu. Laza bomba mezani likiwa na mti wake ndani, weka wembe mpya juu ya mstari, viringisha mbele na nyuma huku ukikandamiza kidogo. Mizunguko ya kwanza ni ya kufungua njia tu. Vidole vikae nyuma ya wembe.

Hapo ndipo wengi huona kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Tazameni kipande hiki ninachokipitisha. Kishikeni dhidi ya taa, muangalie mdomo wake wa ndani: mnaona vimistari vyeupe vinavyoingia ukutani kama nusu milimita? Kila kimoja ni ufa unaongoja juisi. Unavitoa kwa msasa namba 220 uliotandazwa juu ya kioo cha dirisha, ukiwa na maji. Simamisha mrija, usugue kwa kuchora nane, na kila mizunguko 10 uugeuze robo, kwa sababu mkono wa mtu siku zote hukandamiza upande mmoja. Pima kimo kwa venia, ile rula ya taya mbili, sehemu 4. Tofauti ikizidi milimita 0.1 endelea. Kisha 400, 800, 1200. Usiruke namba: msasa wa 1200 haufuti mkwaruzo wa 220, unaupaka weupe tu.

Polipropilini haipendi msasa, inatoa manyoya. Ikwangue kwa wembe uliosimama wima.

Makali ya ndani lazima yavunjwe. Zungusha kisu kwa mlalo mpaka upate mteremko wa nusu milimita, kisha upitishe msasa laini. Makali yakibaki, oringi, ile pete ya mpira inayoziba kifuniko, inachanwa ikiingia, na utabadilisha oringi tatu ukidhani ni mbovu. Oringi yenyewe isibane kupita kiasi. Ya unene wa milimita 2 ibaki 1.6 au 1.7 ikiwa ndani. Ukizidisha, mrija unasukumwa kutoka ndani usiku na mchana. Ufa ulioanzia mdomoni ukashuka kwa urefu ni kazi ya oringi. Vistari vidogo vilivyotapakaa kama utando ni kazi ya juisi.

Mtaulizwa kuhusu kung'arisha ukingo wa akriliki kwa moto. Unang'aa kweli, lakini joto la ghafla linaacha mkazo mpya palepale ulipohangaika kuuondoa. Kwa bango la duka sawa, kwa tangi sikushauri. Mkazo unatolewa kwa oveni: nyuzi 80, saa 3 hivi kwa ukuta wa milimita 2 au 3, kisha ipoe yenyewe mlango ukiwa umefungwa. Tumia kipimajoto cha pekee ndani, kitufe cha oveni hakiaminiki. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Ngoja urudi, uanze upya.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Spiriti au thina kwenye akriliki huleta vistari siku hiyohiyo. Bomba la sindano lisuguliwe vizuri ndani, maana huja limepakwa mafuta ya silikoni ya kuteleza. Na msihangaike kutafuta gundi, supa glu ya kawaida haishiki polipropilini. Oringi ndiyo inayofunga.

Kabla ya juisi, jaza tangi maji yenye rangi, lisimamishe juu ya karatasi ya chooni usiku kucha, kesho yake uligeuze. Kama ni akriliki, chukua pete ya milimita 5 iliyobaki, ivishe kwenye kitu kinachoibana, idondoshee juisi utakayotumia, uiangalie kwa taa baada ya siku 2. Ikitoa vistari, mrija ule na juisi ile havioani.

Juisi yenye nikotini ishikwe kwa glovu za naitraili, maana hupenya ngozi, na chupa ikae mbali na watoto. Haya, maswali.