Vazi la Taka na Jina Lake
Mhadhara uliotolewa Bagamoyo mbele ya walimu, wazazi na vijana wanaojitolea

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu na wazazi wetu mliofika, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu tulipoachana. Vijana wetu, ninyi mlioketi chini hapa mbele kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vijana wanaojitolea kuokota taka na kuzishona kuwa mavazi, kazi ambayo nimekuwa nikiisimamia tangu nilipostaafu kufundisha sayansikimu. Naanza na neno ambalo huenda likawashangaza wengine: gauni la nailoni halisafishi mji. Gauni kubwa kuliko yote tuliyowahi kushona lilichukua kiroba kimoja na nusu cha mifuko na karatasi za biskuti, na kiasi hicho hicho tunakitoa asubuhi moja katika mtaro mmoja baada ya mvua za masika. Tukilipima vazi hili kwa uzito wa taka zilizoondoka, tutavunjika moyo mapema. Mimi naliona vazi la taka kuwa ni maneno yaliyoshonwa, na ninaomba tulipime kama tunavyopima maneno: linasema nini, linamwambia nani, na je, linasema kweli?

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Mwanamke akienda kununua kanga husoma kwanza jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ndipo atazame pindo na mji wake wa katikati, kwa maana anajua kwamba akiivaa atakuwa amelitamka jina hilo mbele ya jirani, wifi na mkwe. Na kanga yenyewe, kama wazee wetu wanavyosimulia, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 pale wanawake waliponunua leso, vile vitambaa vya mkono, zikiwa bado zimeungana katika jora, wakakata vipande vya leso tatu tatu, kisha wakaunga kipande kwa kipande hadi wakapata vazi moja lenye leso sita. Kwa hiyo vazi letu la heshima lilizaliwa kwa kuunga vipande. Kijana anayeunga vipande vya mfuko uliookotwa ufukweni hajaleta ugeni wowote katika mji huu, ambao pia umekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 na umezoea kuona vazi likibeba hoja jukwaani.

Wenzetu kwingine wanaifanya kazi hii kwa namna zao. Nchini Ireland, tangu mwaka 2010, liko shindano la wanafunzi liitwalo Junk Kouture, ambamo vijana hubuni mavazi kwa vitu vilivyotupwa. Lagos nchini Nigeria, vijana wenye umri wa kwenda shule wamepita jukwaani wakiwa wamevaa taka zilizookotwa katika mazingira yao. Kinshasa, wasanii hujivika makopo, nyaya na simu mbovu, wakatembea barabarani katikati ya watu. Hao wa Kinshasa ndio wanaonigusa zaidi, kwa sababu hawamsubiri mtazamaji aje ukumbini.

Sasa nirudi kwenye swali la ukweli, kwa kuwa hapo ndipo tulipoteleza. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na haraka ya kupendeza. Tulinunua karatasi mpya za kung'aa, tukanunua utepe mpya na gundi, na mfadhili mmoja akatuletea vikombe vya plastiki ambavyo havijawahi kutumika ili tutengenezee mabega ya gauni. Watu walipiga makofi sana. Baada ya onyesho, kijana wa miaka kumi na mitatu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi si tumeongeza taka?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku ile tuna sharti moja ambalo halivunjwi: kitu kisichookotwa hakiingii katika vazi, isipokuwa uzi na sindano, na hata bitana hutoka katika kanga zilizochakaa.

Sharti la pili lilitufikia kwa njia ya lawama. Vijana walikuwa wakiokota chupa za maji kwa wingi, kwa kuwa chupa hukatika vizuri na hung'aa kama kioo, hadi mama mmoja anayeishi kwa kuokota chupa na kuziuza kwa kilo akatufuata na kutuambia kwamba tunamla riziki. Alisema kweli. Chupa ya maji ina mnunuzi kwa sababu mwili wake umetengenezwa kwa plastiki ya aina moja, ndugu wa zile nyuzi za poliesta tunazozivaa kila siku, kwa hiyo inaweza kuyeyushwa na kutengenezwa kitu kingine. Karatasi ya biskuti haina bahati hiyo. Tunaiita karatasi, lakini ni tabaka nyembamba za plastiki zilizobanwa pamoja, na kule ndani kunakong'aa kumepakwa alumini nyembamba kuliko unywele. Kuzitenganisha tabaka hizo ni kazi ngumu na ya gharama, ndiyo maana hakuna anayepita mitaani akiuliza, "Karatasi za biskuti zipo?" Basi tukakubaliana kwamba chenye mnunuzi tumwachie mwenye kukiuza, nasi tushone kile kisichotakiwa na mtu yeyote.

Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2017 walikadiria kwamba, kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, ni asilimia 9 tu zilizorejelewa, yaani zilizotengenezwa kitu kingine. Kijana akiisikia asilimia hiyo darasani huisahau kabla ya kengele. Akikaa saa mbili kuosha karatasi mia moja za biskuti na kuzianika moja moja kwenye kamba, akijua kwamba hakuna mnunuzi hata wa moja, haisahau.

Niwasimulie kidogo juu ya mikono, maana huko ndiko ninakokupenda zaidi. Tuliwahi kupata rambo nyingi za zamani kwenye mizizi ya mikoko, upande wa mlango wa Mto Ruvu. Mnakumbuka kwamba mifuko hiyo ya nailoni ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, baada ya Zanzibar kutangulia mwaka 2006, na kwamba anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kufungwa hadi siku saba. Marufuku ile ilifanya kazi kubwa, nasi tuliokuwa tukiziona zikining'inia kwenye kila mchongoma tunaishuhudia. Hata hivyo, zile tulizozivuta matopeni zilikuwa bado na mistari yake ya buluu, na binti mmoja akaishika akiigeuza geuza kama kitu cha makumbusho, kwa kuwa yeye hakumbuki kuibeba hata siku moja. Mfuko uliomhudumia mtu mwendo wa kutoka sokoni hadi nyumbani ulikuwa umemngoja binti huyu miaka yote hiyo.

Binti huyo alizikata rambo kuwa chane, akaamua kuzisuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, kama bibi yake anavyosuka miyaa ya mkindu. Ukili ukamkataa. Ulilegea, ukajikunja, na kila alipovuta ili kukaza, chane zikarefuka mikononi mwake. Akaenda kwa bibi. Bibi akaushika, akauvuta kidogo, akasema, "Hii haina uti, mjukuu wangu. Muwaa una uti wake, ndiyo maana unakutii." Kisha akachukua chane tatu, akaziweka pamoja, akazikunja kwa urefu mara mbili hadi zikawa nene, akaanza kusuka polepole bila kuvuta, akikaza kwa kubana kwa kidole gumba tu. Ukili ukasimama. Wakaketi barazani majuma matatu, wakasuka pima kwa pima, na bibi akaushona ule ukili kwa mzunguko kama ashonavyo mkeka, hadi ikapatikana sketi inayosimama yenyewe ukiiweka sakafuni. Ujuzi wa kusuka ambao binti alikuwa akiukwepa kwa kuuona wa kizamani, aliupata kwa sababu ya rambo.

Upande wa afya nitapita haraka, ingawa naomba walimu wauchukulie kwa uzito. Hatuokoti sindano, betri wala taka za zahanati. Glavu huvaliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kitu huoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Wanaounganisha nailoni kwa pasi huiweka katikati ya karatasi mbili, kwa moto mdogo, nje penye upepo, na mwalimu akiwa amesimama pale pale, kwa sababu nailoni iliyoungua hutoa moshi unaodhuru kifua. Plastiki ya mabomba na mazulia ya plastiki haipigwi pasi kabisa. Na nailoni haipitishi hewa: kijana wetu mmoja nusura azimie kwa joto akiwa amevaa koti la viroba katika jua la saa saba, nasi tulikuwa tumesahau hata maji ya kunywa. Siku hizi kila vazi lina bitana ya kanga kuukuu, kwapa huachwa wazi, na hakuna anayelivaa zaidi ya nusu saa.

Sasa nije kwa anayeambiwa. Baada ya miaka miwili ya maonyesho ya ukumbini, ambako waliokuja walikuwa ni wale wale waliokwisha kukubaliana nasi, vijana wakapendekeza tuwaige wa Kinshasa. Wakaenda asubuhi katika soko la samaki, pale ufukweni karibu na forodha ya zamani, wakati ngalawa na mashua zinaposhusha na mnada umepamba moto. Kila vazi lilikuwa na jina lake, kama kanga. Binti wa sketi ya ukili alikuwa amejitungia lake, akalishona mgongoni kwa herufi zilizokatwa katika karatasi za biskuti: "Ulinitoa dukani, mbona waniacha pwani."

Akina mama wakaanza kulisoma kwa sauti. Wengine wakacheka, wengine wakaliimba. Ndipo mama mmoja muuza samaki, akiwa na ndoo yake kichwani, akasimama mbele ya binti na kumwambia bila hasira, "Mwanangu, jina zuri. Lakini mtaani kwetu kuna pipa?"

Ninawaomba walimu wenzangu tulitafakari jibu lile, kwa sababu lilibadilisha kazi yetu yote. Sisi tulikuwa tumelitunga jina kwa ajili ya anayetupa. Mama yule alitukumbusha kwamba anayetupa mara nyingi ndiye aliye chini kabisa katika safari ya taka: hakuchagua biskuti yake ifungwe kwa kitu kisichoweza kurejelewa, hakupewa pipa, na gari la taka halipiti mlangoni pake. Kumwaibisha yeye peke yake mbele ya watu ni kumwonea, hata kama aibu yenyewe imeshonwa vizuri.

Tangu hapo, kabla ya kushona, tunahesabu. Vijana hutandaza turubai, wakatenga taka kwa aina na kwa kampuni iliyozalisha, wakaandika katika daftari, kama zinavyofanya asasi mbalimbali duniani tangu mwaka 2018 chini ya mtandao wa Break Free From Plastic. Sitataja majina ya kampuni hapa, kwa kuwa hazipo kujibu. Nitasema tu kwamba daftari likijaa, vijana huandika barua, kwa Kiswahili safi chenye adabu, na kuiambatisha na picha ya vazi lililotokana na taka za kampuni hiyo. Barua nyingine huenda kwa wenye dhamana ya mapipa na magari, ikiwa na ramani ya mitaa waliyoichora wenyewe kwa miguu. Mtaa mmoja umeshapata pipa. Ni dogo, hujaa upesi, lakini lipo, na mama wa ndoo ndiye aliyelichagulia mahali.

Wapo wanaouliza kama barua ya mtoto wa sekondari inaweza kufika popote. Mwezi Machi 2022, mataifa yalikutana Nairobi yakaazimia kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki, na hadi yalipokutana tena Geneva mwezi Agosti 2025 yalikuwa bado hayajakubaliana, huku dunia ikizalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kila mwaka. Ikiwa wakubwa wanachukua muda wote huo, sioni kwa nini kijana wa Bagamoyo akae kimya akiwasubiri.

Wazazi, najua mnachokihofia, kwa kuwa wengi mmeniambia barazani kwangu. Mnasema mtoto akionekana anachokora mitaro ataitwa mwokota takataka. Neno hilo linauma, sikatai. Lakini wako watu wazima wanaoishi kwa kazi hiyo hiyo na kusomesha watoto, na mtoto wako akifanya nao kazi asubuhi nzima hatalitumia tena neno hilo kama tusi. Kuhusu masomo, tunakutana Jumamosi peke yake, na wakati wa mitihani hatukutani kabisa.

Limebaki jambo la vazi baada ya kuvaliwa. Nailoni ikikaa juani hukauka na kuvunjikavunjika kuwa chembe, na chembe hizo huishia baharini zikiwa haziokoteki tena. Kwa hiyo mavazi yetu hayaanikwi juani siku nyingi wala hayafuliwi pwani, na kila vazi lina mwenye dhamana anayejulikana. Likichakaa, hufumuliwa, na kinachofaa hurudi kazini.

Sketi ya ukili imefumuliwa mwezi uliopita. Bibi aliomba apewe ukili wake, akaushona upya kuwa mkeka wa darasa la chekechea, na ameuleta leo. Upo juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na daftari la hesabu. Mkitoka, upiteni muushike, muone ulivyokazwa. Jumamosi ijayo tunaanza saa moja asubuhi kule kwenye mikoko, maji yakiwa yametoka. Anayekuja na avae viatu vya kufunika mguu, na mwenye kanga iliyochakaa asiitupe, tunaihitaji kwa bitana. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa napokea maswali, na naomba vijana waanze.