Mbona Nyumba za Marekani Hazina Ukuta Wala Geti?

Habari zenu ndugu zangu. Kila nikipandisha video ya nje ya nyumba, swali ni lile lile: "Dada, mbona hakuna ukuta wala geti, huogopi wezi?" Leo najibu. Na kabla hujaandika kwamba najidai nina nyumba, hii ni ya benki, mkopo wa miaka 30.

Wezi wapo. Vifurushi vinaibwa mlangoni mchana kweupe. Kinachozuia ukuta ni sheria. Kwetu Dar mtu akipata kiwanja anaweza kuanza na ukuta, nyumba itafuata. Hapa miji mingi inakataza fensi ndefu upande wa mbele: futi 3 au 4 basi, nyuma futi 6. Halafu mitaa mingi ina HOA, chama cha wenye nyumba. Unakilipa ada, na bado kinakupangia fensi iwe ya nini na rangi gani.

Mimi naomba fensi ya nyuma tu, watoto wasikimbilie barabarani. HOA wakataka ramani ya mpima ardhi. Nikamlipa. Wakarudisha fomu, eti rangi haimo kwenye orodha yao. Nikajaza upya. Bado kibali cha mji, nacho kina ada yake. Ukishakipata, kabla ya kuchimba unapiga simu namba 811, waje kuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa zinapita wapi, ni bure. Kwa jirani nimeona walivyochomeka vibendera kwenye majani: njano gesi, nyekundu umeme, bluu maji. Na huku Minnesota ardhi inaganda, kwa hiyo nguzo zinashuka futi 3 na zaidi, la sivyo baridi inazisukuma juu. Fundi naye anahesabu hela kwa kila futi.

Katikati ya hayo, ndugu yangu wa damu akanisema kwenye grupu la familia kwamba namalizia hela kwenye mbao wakati ukuta wa mama Kibaha haujaisha. Iliniuma sana. Tofali za ule ukuta nimezilipia mimi, na sijawahi kumtangazia mtu.

Silalamiki, na haya ni ya kwangu. Jimbo lingine, mji mwingine, mambo mengine. Texas utakuta nyuma ya nyumba nyingi kuna fensi ndefu za mbao. Ila ukinunua nyumba, omba kanuni za HOA uzisome kabla hujasaini, na sehemu ya fensi usiiruke. Mimi nasubiri kibali cha mji. Ardhi ikiganda kabla hakijatoka, ni mpaka mwakani.