Kasi ya Shata na Mwangaza: Namna ya Kurekodi Video kwa Simu Bila Kuiachia Simu Ikuamulie

Mpendwa mtazamaji, karibu. Leo tuko pembezoni mwa jiji la Dodoma, jua la saa 6 mchana likiwa utosini, na mbele yetu kikundi cha akina mama kinapiga ngoma ya muheme. Kwenye skrini yako kuna vipande viwili vya tukio hilo hilo. Kipande cha kushoto kimerekodiwa simu ikiwa imeachiwa ijipangie kila kitu. Itazame mikono ya mpigaji: inaruka kutoka juu hadi chini bila kuonekana imepita katikati, na kila mchezaji mwenye kitambaa cheupe anapokatiza mbele ya kamera, picha nzima inaingia giza ghafla, kisha inang'aa tena. Kipande cha kulia kimerekodiwa kwa simu hiyo hiyo, ila kasi ya shata na mwangaza vimepangwa kwa mkono. Mkono ukishuka kwenye ngozi ya ngoma unaacha ukungu mwembamba nyuma yake, kama jicho letu lilivyozoea kuuona mwendo, na mwanga umetulia. Nitakuonyesha jinsi ya kutoka kushoto kwenda kulia, na nitaeleza sababu ya kila hatua, ili hata ukiwa na simu tofauti na hii uweze kupanga mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopangwa. Kwenye kamera kubwa, mwangaza hutegemea mambo matatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, hupokea mwanga (ndio kasi ya shata), na ISO, yaani kiasi ambacho kamera hukuza ule mwanga iliokwisha kuupokea. Kwenye simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki, kwa hiyo tunabaki na mawili tu, shata na ISO. Shata ya 1/50 maana yake kila fremu hupokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ukiipeleka kwenye 1/100, mwanga unaoingia unapungua kwa nusu. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 200, picha inang'aa maradufu. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanaona vitu viwili vinavyofanya kazi moja, wanavichezea vyote kwa pamoja. Msimamo wangu, ambao maelekezo haya yote yanausimamia, ni kwamba shata huchaguliwa kwa ajili ya mwendo na kwa ajili ya taa za umeme, haichaguliwi kwa ajili ya mwangaza. Mwangaza una njia zake nyingine, na tutazifikia.

Hatua ya kwanza ni kupata programu inayokuruhusu kupanga. Baadhi ya simu za Samsung zina sehemu iitwayo Pro Video ndani ya kamera yenyewe, na hiyo inatosha. Kamera ya kawaida ya iPhone haina kitufe cha kupanga kasi ya shata, kwa hiyo utahitaji programu ya ziada. Blackmagic Camera ni ya bure, ilianza kwenye iPhone mwaka 2023 na ikaja kwenye Android mwaka 2024, ingawa haikubali kila simu ya Android. Mwenye simu ambayo programu hiyo inaikataa ajaribu Open Camera, nayo ni ya bure, kisha aingie kwenye mipangilio yake na kuchagua Camera2 API, kwa maana bila hatua hiyo vitufe vya ISO na shata havitaonekana. Kama simu yako haivionyeshi hata baada ya hapo, usiondoke. Kuna sehemu yako kabla sijamaliza.

Hatua ya pili, panga idadi ya fremu iwe 25 kwa sekunde, wala si 30. Pia zima mpangilio wowote unaoiruhusu simu kupunguza fremu yenyewe panapokuwa na mwanga hafifu, na zima HDR, mpangilio unaoifanya simu isawazishe yenyewe sehemu za mwanga na za giza, kwa sababu vyote viwili vitakuja kuvuruga unachokipanga. Mwenye iPhone anayetumia kamera ya kawaida ataipata 25 baada ya kuwasha Show PAL Formats kwenye mipangilio ya kurekodi video.

Hatua ya tatu ni shata yenyewe, na hapa naomba utulie nami kidogo. Kanuni ya wapiga picha za filamu ni kuchukua idadi ya fremu, kuizidisha kwa mbili, na kuiweka chini ya moja. Fremu 25 zinatupa 1/50. Kwa kasi hiyo kitu kinachokwenda huacha ukungu wa kiasi, na fremu moja huungana na inayofuata bila kukwaruza macho. Ukiwa nje kwenye jua, simu ikijiamulia huweza kukimbilia 1/2000 au zaidi, ndiyo maana mikono ya wapiga muheme ilionekana kurukaruka: kila fremu iliugandisha mkono mahali pake, na safari ya kutoka mahali pamoja hadi pengine haikurekodiwa.

Sababu ya pili ya 1/50 utaiona tukiingia ndani. Hapa tuko ukumbini, taa zimewashwa, kwaya inafanya mazoezi. Umeme wa gridi ya taifa hapa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa inayoutegemea moja kwa moja humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kihisi cha simu, yaani sehemu inayopokea mwanga nyuma ya lenzi, husoma picha mstari baada ya mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mistari mingine husomwa taa ikiwa kali na mingine ikiwa imefifia. Matokeo yake ni ile mistari ya giza inayotembea ukutani nyuma ya waimbaji. Ukiweka 1/50, kila mstari wa picha hupokea mimuliko miwili kamili. Ukiweka 1/100, hupokea mmoja kamili. Katika hali zote mbili kila mstari umepata sawa na mwenzake, na ukuta unatulia. Tazama sasa ninavyosogeza kutoka 1/50 hadi 1/60: mistari imerudi. Namba ya 1/60 tunaikuta katika maelekezo mengi kwa sababu yameandaliwa Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60. Kwao ni sahihi, kwetu si sahihi.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Baadhi ya taa za LED, hasa zile zenye kitufe cha kupunguza mwanga, humeta kwa mwendo wake zenyewe, na 1/50 haitazitibu. Sogeza shata taratibu, hatua ndogo ndogo, huku ukitazama ukuta mweupe, hadi mistari isimame. La pili ni jenereta. Kwenye sherehe za nje ya mji jenereta lililozidiwa mzigo huzunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na umeme wake hushuka chini ya mizunguko 50, kwa hiyo 1/48 inaweza kukufaa kuliko 1/50. Jaribu kabla bwana na bibi harusi hawajaingia.

Hatua ya nne, shusha ISO hadi chini kabisa, kisha ipandishe pale tu unapohitaji. Kihisi cha simu ni kidogo, na kwenye simu nyingi za bei ya kati picha huanza kutoa chenga zinazoonekana wazi ISO inapopita 800, hasa kwenye nguo nyeusi na kwenye vivuli. Ukumbini, kabla ya kupandisha ISO, waombe wahusika wasogee karibu na dirisha au karibu na taa. Hatua mbili tatu za kusogea huleta mwanga mwingi kuliko unavyodhani, na hazileti chenga.

Sasa turudi juani, maana hapa ndipo mpango wetu unapojaribiwa kweli. Kwa jua kali kama hili, ISO ikiwa 50 na lenzi yenye tundu la f/1.8, mwangaza sahihi unadai shata ya karibu 1/4000. Tumeshakubaliana kwamba tunataka 1/50. Mwanga basi umezidi karibu mara 80, na ukirekodi hivyo hivyo picha itaungua yote, utabaki na weupe mtupu. Hatua ya tano, kwa hiyo, ni filta ya ND, kioo cheusi kinachobanwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga bila kubadilisha rangi. ND64 hupitisha sehemu moja tu kati ya 64, na inatufikisha karibu kabisa na 1/50. Filta za kuzungusha zilizoandikwa ND2 hadi ND32 zinafaa asubuhi, jioni na kukiwa na mawingu, lakini mchana kama huu zitakuishia kwenye 1/125 hivi. Ukinunua ya kuzungusha usiifikishe mwisho kabisa, kwa sababu nyingi huchora kivuli cha msalaba katikati ya picha, na kwenye lenzi pana kivuli hicho huonekana mapema zaidi. Wakati wa kiangazi, upepo wa Dodoma ukivuma na vumbi, kagua kioo cha filta kila unaporekodi upya. Chembe moja ya vumbi iliyopigwa na jua hutia doa kubwa.

Asiye na filta ana njia mbili za heshima: arekodi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, au awahamishie wahusika kwenye kivuli cha mti mkubwa. Na kama unarekodi kitu kisichokwenda, kwa mfano mkulima amesimama na kichala cha zabibu mkononi akieleza namna anavyopogoa, kubali shata ya juu bila wasiwasi, kwa sababu hakuna mwendo wa kuharibu. Vivyo hivyo ukirekodi huku unatembea: kwa 1/50 kila hatua ya mguu huchora ukungu ambao simu haiwezi kuufuta hata ikituliza picha, kwa hiyo 1/100 ni afadhali.

Hatua ya sita ni kupima mwangaza kwa uso wa mtu, wala si kwa picha nzima. Anga la Dodoma ni jeupe na ukuta uliopakwa chokaa huakisi sana, na simu ikiviona hushusha mwangaza hadi uso wa mtu mweusi unapotea. Msogelee mhusika, jaza skrini kwa uso wake, panga ISO au filta hadi ngozi ionyeshe umbile lake, kisha rudi nyuma bila kugusa kitu. Ukiwasha ile mistari ya zebra inayoonyesha sehemu zilizoungua, iruhusu iwe angani, usiiruhusu iwe kwenye paji la uso. Baada ya hapo funga fokasi, na funga white balance, mpangilio unaofanya kitu cheupe kionekane cheupe, kwenye 5600K ukiwa juani.

Kwa yule ambaye simu yake haina vitufe hivi: gusa uso wa mhusika kwenye skrini na ushikilie kidole hadi alama ya kufuli itokee, kisha telezesha alama ya jua chini kidogo. Shata hutaichagua, lakini mwangaza hautarukaruka tena.

Jua likianza kuzama, usiiguse shata. Legeza filta kwanza. Ikishafika mwisho wa wepesi wake, ivue. Ni baada ya hapo tu, kuanzia kama saa 12 jioni, ndipo upandishe ISO kidogo kidogo, 100, 200, 400, huku ukirekodi sekunde 10 za majaribio na kuzikuza kwenye skrini kutafuta chenga kabla ya kuendelea.