Hakuna Dhahabu Chini ya Kaburi Lile

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Wengi mliomo humu mmeshanisikia nikilisema hili la watu kuchimba makaburi ya vita wakitafuta dhahabu, na mtanisikia tena mpaka mashimo yakome.

Jumamosi iliyopita tulitoka stesheni ya reli hapa Tanga watu 21. Mvua ya vuli ilikuwa ikinyesha tangu usiku, na wengine walinipigia simu wakitaka tungoje ikatike. Haikukatika. Tukaenda hivyo hivyo, watu wamejifunika mifuko ya nailoni, viatu mkononi, kuelekea Ras Kasone. Vita vya Tanga mnavijua, sitavirudia: Novemba 1914, nchi ikiwa mikononi mwa Mjerumani, jeshi la Waingereza kutoka India, watu wapatao 8,000, linashuka pwani yetu, na tarehe 5 limo melini linaondoka, limeacha maiti zaidi ya 300. Nilitaka vijana waanzie stesheni kwa sababu reli ndiyo iliyoamua vita vile. Meli za Waingereza zilifika tarehe 2, kukawa na maneno ya kutaka mji usalimu amri, muda ukapita, na huku treni zinashusha askari wa Mjerumani kutoka Moshi. Von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Mjerumani, alifika kwa reli, akaukagua mji usiku kwa baiskeli.

Basi tukafika kwenye makaburi ya vita vile. Pembeni mwa kaburi moja tukakuta shimo. Limefika kiunoni kwa mtu mzima, limejaa maji ya mvua, jiwe la kaburi limesukumwa upande, udongo mwekundu umetiririka mpaka njiani. Tukasimama. Kijana mmoja, mtoto mzuri, msikivu, akaniuliza: "Mwalimu, walipata?"

Hakuuliza nani kafanya. Aliuliza walipata? Nimefundisha historia miaka mingi katika mji huu, na swali lile limenilaza macho.

Tuseme wazi basi, maana jambo hili huwa tunanong'onezana tu. Watu wanaamini Mjerumani alizika mali. Dhahabu, rupia, zebaki nyekundu ile inayosemwa ina thamani kubwa, kila mtu na yake. Haya, tufikiri pamoja. Waliozikwa Novemba 1914 walizikwa na nani? Walizikwa na jeshi lililoshinda! Halikuwa likikimbia. Lilibaki na mji huu mpaka Julai 1916. Mtu aliyeshinda, aliyekaa kwake kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, afiche mali chini ya maiti ya nini?

Na dhahabu ya vita vile habari zake zinajulikana. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, fedha hazifiki kutoka kwao. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaipeleka Tabora, na katika karakana ya reli wakapiga sarafu za rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake. Hazizidi elfu 16 na ushei. Sarafu ndogo wakazipiga kwa shaba nyeupe na nyekundu waliyoiokoteza, hizo ni Heller. Sisi mpaka leo tunasema hela. Jeshi lililofikia kuokoteza shaba ili lilipe watu wake, nyinyi mnadhani lilikuwa na masanduku ya kuzika Tanga?

Mtaniambia, mwalimu, mbona Wazungu wanarudi na ramani? Nimewapokea baadhi yao kwa mikono yangu. Wana jina la babu kwenye karatasi. Wanatafuta kaburi, wanapiga picha, wanasimama kidogo, wanaondoka. Ramani ni ya kaburi.

Na mtaniambia njaa. Hilo silipuuzi, vijana hawana kazi. Lakini shimo lile ni kazi ya usiku mbili tatu kwa sululu, na aliyelichimba kaondoka na njaa yake ile ile. Kaburi ndilo lililobomoka.

Sasa maganda ya risasi. Shambani mkilima mnayaokota, mnayapima kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sikilizeni. Vikosi vingi vya askari wa Mjerumani vilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti ya moshi. Ganda lake ni nene, risasi yake milimita 11. Mwingereza alitumia risasi ya milimita 7.7. Kwa hiyo ganda likilala pale lilipoangukia, mtu anayejua anakwambia: hapa alipiga magoti askari, pengine Mmanyema, pengine Msukuma, na kule kwenye mnazi ndiko adui alikotokea. Ukiliokota ukalitia mfukoni, ni kipande cha shaba tu. Usiliokote. Lipige picha, andika mahali. Na lenye risasi ndani yake usiliguse kabisa, ita polisi.

Kuna suala la sheria na muda unaniishia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na majengo ya kabla ya 1886. Vita vyetu ni vya 1914! Ili mahali pale palindwe kama urithi, lazima Waziri atamke. Kwa hiyo tunaandika barua, na wazee nawaombeni saini zenu mlangoni mkitoka, karatasi anayo yule binti mwenye mtandio wa kijani.

Hadithi ya nyuki waliolishinda jeshi la Waingereza, najua mnaisubiri. Walikuwapo kweli. Mizinga ilikuwa mitini, ya nyuki si ya baruti, risasi zikaitikisa, wakauma watu wa pande zote mbili. Basi. Nyuki hawakulishinda jeshi, na ninachoka kuona mtoto wa Tanga anajua habari za nyuki na hajui kwamba wengi waliokuwa wakilenga shabaha ni watu weusi.

Wapagazi, wale waliobeba mizigo ya majeshi, nilitaka niwape nusu saa, sasa nina dakika moja. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile, na wanaokadiriwa kufa wanapita 90,000, wengi kwa kuhara na njaa. Hawana hata kaburi la mtu kulichimba. Kama nyumbani kwenu kuna jina la babu aliyekwenda na hakurudi, hata jina moja bila la baba yake, niletee niliandike.

Jumamosi hii tunarudi kulifukia lile shimo. Saa moja asubuhi, stesheni. Leteni majembe na ndoo. Mvua ikinyesha tunakwenda.