Kamba Tuliyoikuta na Koti la Aika

ELI: Karibuni tena, tupo Moshi, kilele cha Kibo kimefunguka tangu asubuhi. Aika karudi Jumanne. Kabla hujasema lolote, dada, hiyo harufu ni ya nini?

AIKA: Ni koti. Nitafika huko.

ELI: Umeliingiza humu ndani?

AIKA: Limefuliwa mara tatu, Eli! Basi, nilikuwa Uskoti kwa yule rafiki yangu wa Inverness, mnamjua, niliyesoma naye chuo cha Mweka. Tumepanda Old Man of Stoer. Ni mnara wa jiwe, mita 60 hivi, umesimama peke yake baharini. Tom Patey na wenzake ndio walioupanda kwanza, 1966. Unaacha gari kwenye mnara wa taa, unatembea kando ya genge karibu saa nzima, halafu unateremka mpaka majini. Kati yako na mwamba kuna mkondo mwembamba, hata mita 10 haufiki. Mmoja anaogelea na kamba, anaifunga ng'ambo, wengine mnavuka mkining'inia.

ELI: Na koti?

AIKA: Fulma. Ndege anafanana na shakwe, anataga kwenye vibaraza vya mwamba. Ukimkaribia hakimbii, anakutemea mafuta kutoka tumboni. Nimeshika ukingo, nanyanyua kichwa, huyu hapa, tunatazamana. Akanipata begani.

ELI: Mafuta ya nini hasa?

AIKA: Ya chakula chake, samaki na wadudu wa baharini. Ndege mwindaji akipakwa, manyoya yanagandana, hawezi kuruka, akiangukia baharini ndiyo basi. Anamlinda kinda wake, wala simlaumu. Lakini mama aliliona koti kwenye kamba ya nguo akauliza kama nimebeba dagaa wa Mwanza. Kafua kwa sabuni ya unga, kafua kwa limau, jana kaweka majivu.

ELI: Ya migomba?

AIKA: Ya migomba! Mbwa wa jirani siku ya tatu leo analala chini ya kamba ya nguo.

ELI: Mimi supu ya samaki ilinimwagikia pale kambi ya Barranco, mlimani, nikalala na lile koti siku nne. Ikatoka. Hii haitoki?

AIKA: Haitoki. Rafiki yangu anasema kuna watu wameshatupa kabisa.

ELI: Jaribu magadi. Haya, nani aliogelea?

AIKA: Yeye. Na hapa utanikasirikia. Tulikuta kamba tayari. Kuna watu waliiacha, imefungwa pande zote mbili.

ELI: Kamba ipo, mtu akaogelea?

AIKA: Niliikataa mimi. Ya nani? Ina miezi mingapi pale? Chumvi, jua, inasuguana na jiwe kila upepo ukivuma. Kamba inaweza kufa ndani, nje usione kitu.

ELI: Aika, yale maji ni nyuzi joto 12 hivi. Ukiingia ghafla pumzi inashtuka, unavuta hewa bila kupenda. Ukivuta maji je? Kamba unaipima: mnaining'inia wawili mkiwa bado nchi kavu.

AIKA: Napima upande wangu. Fundo la ng'ambo silioni.

ELI: Ikikatika unaangukia majini. Kule kule alikoingia rafiki yako!

AIKA: Naanguka na begi, na viatu, labda juu ya jiwe. Yeye aliingia kajiandaa, kavaa suti ya mpira, kamba kiunoni, naishika mimi.

ELI: Wewe unajua kuogelea?

AIKA: Sijui.

ELI: Basi hilo neno lisingetoka kwako.

AIKA: Kwenye ile kamba ningening'inia na mimi, kwa hiyo nina neno. Na nilimwambia turudi kwenye gari. Akakataa.

ELI: Ungekaza. Mgeni unayemwongoza Kilimanjaro akianza kuyumba kambi ya Barafu unamshusha, humuulizi.

AIKA: Yeye si mgeni, ni mpandaji kunizidi.

ELI: Sikubali.

AIKA: Na mimi sibadilishi.

[Kimya kidogo.]

ELI: Tulipanga masomo matatu leo. Maji kupwa na kujaa, mafundo, kushuka kwa kamba.

AIKA: Nina karatasi nzima hapa.

ELI: Wageni wangu wanatua uwanja wa ndege, KIA, saa kumi na nusu.

AIKA: Basi, somo la maji tu. Ukifika pale maji yanaanza kujaa...

ELI: Dada, gari linanisubiri nje. Wiki ijayo. Koti unaondoka nalo?

AIKA: Mama kasema lisirudi nyumbani.